Nuru inavyohamisha elektroni: Siri ya rangi zenye metali, kutoka Ziwa Nakuru hadi shamba la Kiamunyi

MKULIMA wa Kiamunyi anayenyunyizia magugu dawa ya parakwati asubuhi ya jua kali huyaona majani yakianza kunyauka kabla ya siku kwisha. Akinyunyiza dawa iyo hiyo jua linapotua, magugu hulala yakiwa mabichi na kuanza kukauka kesho yake, jua likishachomoza. Dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni nuru.

Wengi hudhani kwamba dawa hiyo huunguza jani jinsi maji moto yanavyounguza ngozi. Sivyo. Inachofanya ni kuingilia safari ya chembe ndogo mno iitwayo elektroni, safari ambayo huanza pale nuru inapoigusa rangi ya kijani iliyomo ndani ya jani. Safari hiyo hiyo ndiyo inayojaza mahindi punje, ndiyo inayotoa oksijeni tunayoivuta, na ndiyo iliyowalisha ndege walioufanya mji wa Nakuru ujulikane duniani kote.

Kiamunyi ni eneo la makazi na mashamba madogo lililo kaskazini-magharibi mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara inayoelekea Kabarak na Eldama Ravine. Ziwa Nakuru liko upande wa kusini wa jiji, mwendo mfupi tu kwa gari. Ikweta yenyewe inapita Mogotio, kaskazini kidogo, na kwa hivyo nuru si kitu kinachokosekana katika sehemu hii ya Bonde la Ufa.

Shambani, ziwani na hata katika maabara za wanakemia, kanuni inayotawala jambo hili ni moja. Nuru huipandisha elektroni ndani ya rangi yenye metali. Kisha kila kitu hutegemea ni nani atakayeipokea elektroni hiyo kabla haijarudi ilikotoka. Mpokeaji akiwa wa kufaa, hupatikana chakula au umeme. Akiwa mwizi, hupatikana sumu. Asipokuwapo kabisa, nuru hupotea bure.

Rangi yenye metali ni kitu gani?

Rangi ni molekuli inayomeza baadhi ya mawimbi ya nuru na kuyaacha mengine yalifikie jicho. Klorofili, rangi ya majani, humeza nuru nyekundu na ya buluu na kuiacha ile ya kijani. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesi iliyoshikwa na atomi nne za nitrojeni, mfano wa kito kilichopachikwa katika pete.

Umbo hilo halipatikani katika majani peke yake. Pete ya jamii hiyo ikishika chuma badala ya magnesi, hupatikana hemu, rangi inayoifanya damu iwe nyekundu. Pete nyingine ya ukoo huo huo ikishika kobalti, hupatikana vitamini B12. Wanakemia huziita molekuli za namna hii changamano za metali, na vile vipande vinavyoizunguka metali huitwa ligandi.

Yeyote aliyewahi kupika sukuma wiki ameshuhudia changamano hizo zikivunjika. Mboga ikikaa motoni kupita kiasi, kijani chake huchujuka na kuwa rangi ya kaki. Joto pamoja na asidi ya mboga yenyewe huing'oa magnesi, na atomi mbili za hidrojeni hukalia kiti chake. Molekuli mpya huitwa feofitini.

Hii ndiyo sababu kunde na managu zinazotiwa magadi kidogo hubaki za kijani. Magadi huipunguza nguvu ile asidi ambayo ingeing'oa magnesi. Jina la feofitini linafaa kukumbukwa, kwa sababu molekuli hiyo, ambayo jikoni ni dalili ya mboga iliyopikwa kupita kiasi, ina kazi yake maalumu ndani ya jani lililo hai.

Kinachotokea nuru inapogonga

Nuru husafiri kwa vipande vidogo vya nishati vinavyoitwa fotoni. Fotoni moja ikimezwa na klorofili, elektroni moja hupanda kutoka daraja ya chini ya nishati hadi ya juu. Ikiwa huko juu, haishikiliwi tena kwa nguvu kama awali, na ni rahisi kuchukuliwa na molekuli jirani.

Lakini haikai huko kwa muda mrefu. Klorofili iliyo peke yake huiachilia elektroni ianguke baada ya nanosekunde chache, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Inapoanguka, nishati yake hugeuka kuwa joto, au hutoka tena ikiwa nuru nyekundu.

Jambo hili linaweza kuonekana bila mitambo ya bei ghali. Majani ya sukuma wiki yakipondwa, yakalowekwa katika spiriti mbali na moto, kisha maji yake yakachujwa, hupatikana kimiminiko cha kijani. Kimiminiko hicho kikimulikwa kwa taa ya kukagulia noti bandia, ile inayopatikana katika maduka mengi, hung'aa wekundu. Wekundu huo ni nishati iliyokosa mpokeaji. Nuru ilimezwa, elektroni ikapanda, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuichukua, ikaanguka.

Ndani ya jani lililo hai, wekundu huo ni hafifu mno. Sehemu kubwa ya elektroni hupata wa kuzipokea.

Mbio za kupokezana vijiti

Kinachofanyika ndani ya jani kinafanana na mbio za kupokezana vijiti. Elektroni ndiyo kijiti, na wakimbiaji ni molekuli zilizopangwa kwa mfuatano ndani ya utando mwembamba. Kila mkimbiaji huipokea na kuipitisha mbele kabla ya aliyetangulia kupata nafasi ya kuirudisha.

Mkimbiaji wa kwanza ni klorofili maalumu iliyo katika kitovu cha mtambo ambao wataalamu huuita mfumonuru wa pili. Nuru inapomfikia, huitoa elektroni yake kwa feofitini, ile klorofili isiyo na magnesi, kwa muda wa pikosekunde chache. Pikosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Baada ya pikosekunde zipatazo 200, feofitini nayo huipitisha kwa molekuli iitwayo kwinoni.

Kila hatua huishusha elektroni ngazi moja ya nishati na kuipeleka mbali zaidi na ilikotoka. Hasara ndogo katika kila hatua ndiyo bei ya usalama. Sehemu ya nishati hupotea, lakini njia ya kurudi huzidi kuwa ngumu, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo kazi inavyopata muda wa kufanyika.

Klorofili iliyotoa elektroni hubaki na pengo, na pengo hilo lina njaa kali kiasi cha kuweza kunyang'anya elektroni kutoka kwa maji. Kazi hiyo husaidiwa na kichocheo chenye atomi nne za manganisi na moja ya kalisi. Baada ya fotoni nne kufanya kazi, molekuli mbili za maji huwa zimevunjwa na molekuli moja ya oksijeni imeachiliwa hewani. Sehemu kubwa mno ya oksijeni iliyo angani ilitoka katika kichocheo hicho kidogo.

Elektroni huendelea na safari. Hupita katika protini zenye chuma na shaba, kisha hufika katika mtambo wa pili, uitwao mfumonuru wa kwanza, ambako klorofili nyingine humeza fotoni nyingine na kuipandisha tena. Mwishowe hupokewa na vifundo vya chuma na salfa, na kutoka huko huenda kusaidia kuigeuza hewa ya kaboni kuwa sukari.

Kwa hivyo, msururu mzima unasimama juu ya metali: magnesi ya kuinasa nuru, manganisi ya kuvunja maji, chuma na shaba za kubeba. Mkulima anayeona majani ya chini ya mahindi yakipauka kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, huenda anautazama upungufu wa magnesi. Mmea unaikosa metali ya kuijenga rangi yake, na unaihamisha ile kidogo iliyopo kutoka majani makuukuu hadi machanga.

Ujuzi huu ulipatikana kwa miaka mingi. Mwanakemia Mwingereza Robert Hill alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1930 kwamba vipande vya jani vilivyotengwa vinaweza kutoa oksijeni vikimulikwa, mradi tu vipewe chumvi ya chuma ya kupokea elektroni. Mwaka 1988, Wajerumani Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kufichua mpangilio wa atomi katika kitovu cha namna hiyo ndani ya bakteria. Mwaka 2011, watafiti wa Japani walichapisha picha iliyoonyesha wazi mahali pa kila atomi ya kichocheo cha manganisi.

Ziwa lililogeuza nuru kuwa ndege

Hakuna mahali katika Kenya ambapo kazi hii imeonekana kwa ukubwa kama katika Ziwa Nakuru na maziwa ndugu zake ya magadi. Katika maji hayo ya chumvichumvi huishi kiumbe kidogo chenye umbo la springi, ambacho wengi hukijua kwa jina la spirulina na ambacho wataalamu hukiita Arthrospira. Ingawa watu hukiita mwani, kwa hakika ni jamii ya bakteria wanaotumia klorofili kama mimea.

Kiumbe hicho kinapostawi, maji huwa mazito na ya kijani kama supu, hivi kwamba nuru humezwa yote katika sehemu ya juu ya maji. Watafiti John Melack na Peter Kilham, waliopima maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yao mwaka 1974, walikuta usanisinuru wa kiwango cha juu mno.

Chakula kilichotokana na kazi hiyo kiliwavuta heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo. Mtaalamu Ekkehard Vareschi, aliyelichunguza ziwa hilo katika miaka ya 1970, alikadiria kwamba ndege mmoja hula takriban gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Kwa kundi la ndege milioni moja, idadi ambayo ziwa hilo limewahi kuibeba, hesabu hiyo inafika tani 70 kila siku. Hata rangi ya waridi ya manyoya yao hutokana na rangi zilizomo katika chakula hicho.

Hata hivyo, karamu hiyo haikuwa ya kudumu. Mwaka 1974, mwani huo ulitoweka ziwani na ndege wengi wakahama. Ulirudi baadaye, lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2010 ziwa limefurika. Eneo lake liliongezeka kutoka takriban kilomita mraba 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la mbuga pamoja na nyumba za wakazi wa kando. Maji mapya yaliizimua chumvi, hali iliyofaa spirulina ikavurugika, na makundi makubwa ya heroe yakatafuta malisho katika Ziwa Bogoria na kwingineko.

Jua la Nakuru halijapungua kwa sababu ya mafuriko hayo. Fotoni zinazoanguka juu ya ziwa leo ni nyingi kama za mwaka 1970. Kilichopungua ni kiumbe chenye rangi ya kuzipokea, katika maji yanayomfaa. Nuru bila mpokeaji hulipasha ziwa joto tu.

Mwizi wa elektroni

Sasa tunaweza kurudi kwa mkulima na pampu yake ya mgongoni. Parakwati ni molekuli inayopenda mno kupokea elektroni. Ikiingia ndani ya jani, hukaa karibu na vile vifundo vya chuma na salfa mwishoni mwa mbio, na kunyakua elektroni iliyokuwa njiani kwenda kutengeneza sukari.

Lau ingeishikilia elektroni hiyo, hasara ingekuwa ndogo. Lakini huikabidhi mara moja kwa oksijeni na kurudi kunyakua nyingine. Molekuli moja huiba mara nyingi bila kuchakaa. Oksijeni iliyopewa elektroni kwa njia hiyo hugeuka kuwa kali, huzaa haidrojeni peroksaidi na chembe nyingine zenye ukali zaidi, nazo hutoboa tando za seli. Maji huvuja na jani hunyauka.

Ndiyo maana dawa hiyo hungoja jua. Usiku hakuna elektroni inayopandishwa, na kwa hivyo hakuna cha kuiba. Ndiyo maana pia sangari huchipuka tena baada ya kunyunyiziwa: jani hufa upesi kiasi kwamba dawa haipati nafasi ya kusafirishwa hadi mizizini. Dawa nyingine inayojulikana kwa wakulima wa mahindi, atrazini, hufanya kazi kwa njia tofauti. Yenyewe haiibi. Huziba mlango wa kwinoni katika mfumonuru wa pili, elektroni zikakosa pa kupita.

Jambo moja linapaswa kusemwa bila kuzunguka. Mwili wa binadamu hauna klorofili, lakini una elektroni, na parakwati haihitaji jua ili kuziiba mwilini. Ikimezwa, hujikusanya katika mapafu na kurudia wizi ule ule humo, ambamo oksijeni ni tele. Funda moja linaweza kuua, wakati mwingine baada ya siku kadhaa za mateso, na hakuna dawa inayojulikana ya kuitangua. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007.

Kwa hivyo, kuihamishia dawa hiyo katika chupa ya soda na kuiweka nyuma ya mlango ni kuliweka kaburi wazi ndani ya nyumba. Mahali pake ni katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na watoto. Aliyeimeza apelekwe hospitalini papo hapo pamoja na chombo cha dawa, hata kama anaonekana mzima.

Kutoka jani hadi maabara

Kabla ya kuwa dawa ya magugu, molekuli hiyo ilijulikana kwa wanakemia kwa jina jingine. Leonor Michaelis, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliieleza katika miaka ya 1930 kuwa kitu kisicho na rangi ambacho hugeuka buluu ya zambarau kikipokea elektroni, na kutokana na sifa hiyo akaiita viologeni. Uwezo wake wa kuua mimea ulitambuliwa nchini Uingereza mwaka 1955, na ikaanza kuuzwa mwaka 1962.

Sifa hiyo ya kubadilika rangi iliifanya iwe shahidi mzuri. Mwanakemia anayetaka kujua kama nuru imehamisha elektroni huweka viologeni kando ya rangi anayoichunguza, huimulika, na kutazama kama buluu itatokea.

Rangi iliyochunguzwa zaidi kwa njia hii ni changamano ya rutheni, metali adimu ya jamii ya platini ambayo sehemu kubwa yake huchimbwa Afrika Kusini. Atomi moja ya rutheni huzungukwa na ligandi tatu ziitwazo bipiridini, na mchanganyiko huo huwa wa rangi ya machungwa. Fotoni ya nuru ya buluu ikimezwa, elektroni huruka kutoka kwa metali yenyewe hadi katika ligandi mojawapo. Metali hubaki na pengo, ligandi hubeba ziada.

Hali hiyo hudumu takriban nanosekunde 600 katika maji yasiyo na oksijeni. Kwa maisha ya binadamu huo si muda wa kutajwa, lakini kwa molekuli ni muda mrefu, mara mia moja na zaidi ya ule wa klorofili iliyo peke yake. Unatosha kwa rangi kukutana na mpokeaji majini na kumkabidhi elektroni.

Mwaka 1972, Harry Gafney na Arthur Adamson walichapisha ushahidi kwamba changamano hiyo ikimulikwa huikabidhi elektroni kwa changamano nyingine, ya kobalti. Chaguo la kobalti lilikuwa na faida yake: changamano hizo zikipokea elektroni huvunjika upesi, na elektroni haina tena njia rahisi ya kurudi.

Kwa nini kurudi ni tatizo kubwa hivyo, na kwa nini wakati mwingine huchelewa? Jibu lilitolewa na Rudolph Marcus, mzaliwa wa Kanada, katika nadharia aliyoanza kuichapisha mwaka 1956. Alieleza kwamba elektroni haihami mpaka molekuli zote mbili, pamoja na maji yanayozizunguka, zimejipanga kwa namna inayozifaa zote.

Nadharia hiyo ilitoa utabiri wa ajabu. Kwa kawaida mtu angetarajia kwamba mteremko wa nishati ukizidi, mwendo nao huzidi. Marcus alisema kwamba mteremko ukipita kiasi fulani, uhamisho huanza kuwa wa polepole. Wengi walitilia shaka hadi mwaka 1984, majaribio yalipothibitisha. Aliyetangulia kueleza jinsi elektroni zinavyohama kati ya changamano za metali, Henry Taube, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1983, naye Marcus akaipata mwaka 1992.

Utabiri huo una manufaa makubwa. Hatua za mbele katika mbio za elektroni huwa na mteremko wa wastani, na kwa hivyo ni za haraka. Hatua ya kurudi moja kwa moja hadi mwanzo huwa na mteremko mkali mno, na kwa hivyo huchelewa. Pengo hilo la muda ndilo linaloliwezesha jani kufanya kazi.

Rangi inayotoa umeme

Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel, waliokuwa wakifanya kazi Lausanne, Uswisi, walitumia kanuni hii kutengeneza umeme. Walipaka rangi ya rutheni juu ya chembe ndogo mno za titani dioksaidi, unga mweupe unaotumiwa pia katika rangi za kupaka nyumba. Nuru ikimezwa na rangi, elektroni huingia katika titani kwa muda usiozidi pikosekunde chache, hutoka kupitia waya kufanya kazi, kisha hurudi upande wa pili. Huko kimiminiko chenye madini ya iodini huijaza rangi lile pengo lake, tayari kwa fotoni nyingine.

Seli yao iligeuza zaidi ya asilimia 7 ya nishati ya jua kuwa umeme. Ilishangaza kwa sababu haikuhitaji fuwele safi za bei ghali, na baadaye maabara mbalimbali zilivuka asilimia 10. Nchini Kenya, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Justus Simiyu, Bernard Aduda na Julius Mwabora, wamechapisha utafiti kuhusu seli za titani dioksaidi zilizopakwa rangi, zikiwemo rangi zinazotokana na mimea.

Pamoja na hayo, paneli zinazoonekana juu ya mapaa ya Kiamunyi, kama zile zilizoanza kuunganishwa Naivasha mwaka 2011, si za rangi bali za silikoni. Bei ya silikoni ilishuka kwa kasi, na paneli zake hudumu kwa miaka 20 na zaidi. Seli za rangi zina kimiminiko kinachoweza kuvuja au kukauka, rangi yenyewe huchakaa juani, na rutheni ni adimu na ghali. Matumizi yake yamebaki zaidi katika vifaa vidogo vinavyofanya kazi kwa nuru hafifu ya ndani ya nyumba, ambako seli hizo hufanya vyema.

Swali linalowashughulisha watafiti ni kama chuma kinaweza kuchukua nafasi ya rutheni. Chuma kiko karibu kila mahali, na katika jedwali la elementi kimekaa moja kwa moja juu ya rutheni. Tatizo ni muda. Katika changamano za kawaida za chuma, elektroni iliyopandishwa huporomoka kabla ya pikosekunde moja kwisha.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi pamoja na wenzao waliripoti changamano ya chuma ambayo hali yake ilidumu pikosekunde 100, kwa kutumia ligandi zinazoishika metali kwa nguvu kupitia atomi za kaboni. Baada ya muda mfupi wakafikia takriban nanosekunde 2. Bado ni mbali na 600 za rutheni, lakini ni zaidi ya mara elfu moja ya ilivyokuwa.

Muda wa kupokea

Haraka haraka haina baraka, husema Waswahili, lakini kwa elektroni methali hiyo ina pande mbili. Hatua ya mbele isipokuwa ya haraka, nuru hupotea. Hatua ya kurudi isipochelewa, kazi haifanyiki. Jani la mhindi limezipima haraka hizo mbili kwa namna ambayo maabara bado zinajifunza kuiiga.

Mkulima wa Kiamunyi hana haja ya kuhesabu pikosekunde. Lakini ana manufaa ya kujua kwamba kijani cha shamba lake ni metali iliyoshikwa vizuri. Kwamba mahindi yanayopauka yanaweza kuwa yanadai magnesi. Na kwamba dawa iliyo ndani ya pampu yake huiba kitu ambacho hata mwili wake unacho. Akilijua hilo, atavaa glavu na kuufunika uso kabla ya kuitia majini, na akimaliza kunyunyiza ataifungia kabatini.